Mawe ya Watani Wetu

Kazi yangu ni kuongea. Nimeajiriwa na shirika moja hapa Mwanza linaloshughulikia haki za jamii za asili, yaani wafugaji wanaohamishwa kila kukicha na wawindaji ambao pori lao hugawiwa watu wengine huku wenyewe bado wamo humo ndani. Mimi ndiye mwezeshaji. Nasimama mbele ya watu na kalamu ya wino mzito, karatasi kubwa imebandikwa ukutani, nauliza maswali ambayo majibu yake ninayo tayari mfukoni. Tangu utotoni nimesifiwa kwa mdomo huu, na nimechapwa kwa mdomo huu huu.

Somo langu kubwa ni kuulizwa. Nawaambia watu: ukifika kwenye ardhi ya wenyewe, kabla hujachomeka hata kigingi, unauliza. Unawauliza wenyewe, kwa lugha wanayoielewa, wakati bado wana nafasi ya kusema hapana na hapana yao ikasikika. Anayekuja na kisima au bati bila kuuliza, hata kama anatabasamu, ni mbabe tu. Hapo huwa wanapiga makofi. Nami huwa nayasubiri makofi hayo, sitadanganya, na nisipoyapata narudia neno kwa sauti ya juu zaidi.

Mwaka huu tulikuwa na semina kwenye ukumbi wa hoteli moja kando ya ziwa, ile semina ya siku mbili ambayo siku ya pili watu wanasinzia baada ya chakula. Miongoni mwa walioalikwa alikuwepo mwanamke wa Kitaturu wa rika langu, anatoka huko mbele ya Magu, mchapakazi, anaongea kwa kifupi. Alikuja na mama yake. Mama hakualikwa, ila binti alisema ana shughuli yake mjini na hawezi kusafiri peke yake, basi tukamwekea kiti nyuma. Mama mrefu, mkavu, bangili za shaba mkononi, shuka begani, na mapajani amepakata kitu kizito kilichofungwa kwenye kitenge.

Sasa, mimi ni Msukuma, na Msukuma akimwona Mtaturu hawezi kunyamaza. Sisi ni watani tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Mtani unamtukana mbele ya watu naye anakutukana, unamkwapulia kuku uani kwake, na msibani anaweza kuingia kaburini akalala humo mpaka apewe kitu ndipo atoke mzike. Hakuna kukasirika. Anayemkasirikia mtani wake anaonekana hana adabu. Kwa hiyo nilipomwona na mzigo wake nikaropoka kutoka mbele ya ukumbi, "Mtani, humo umetufichia ndama wetu?"

Ukumbi ukacheka. Yeye akajibu bila kutikisika, "Ng'ombe wenu hatuwafichi. Wanatufuata wenyewe, kwenu wamechoka kulala njaa." Ukumbi ukaanguka kwa kicheko, na mimi nikampenda papo hapo.

Wakati wa chai nikaenda kukaa naye. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukakaa tukitafuna sambusa. Nikamuuliza kweli amebeba nini. Akafungua ncha ya kitenge, nikaona jiwe. Jiwe la kawaida, la kijivu, ukubwa wa kichwa cha mtoto.

"Ni kaka yangu," akasema.

Binti yake ndiye aliyenieleza, maana mama alikuwa amerudi kukifunga kitenge polepole na hakutaka kuharakishwa. Katika ukoo wao, mtu akifa mbali huzikwa hapo hapo alipofia, lakini huokotwa jiwe moja kichwani pa kaburi lake, na dada yake hulipeleka kwenye kaburi la babu yao mkubwa, aliyezikwa zamani walipokuwa wanachungia upande huu wa ziwa. Jiwe likishalazwa pale pamoja na mengine, marehemu amefika kwao. Kabla ya hapo bado yuko njiani. Na mtu aliye njiani hawezi kurithiwa jina. Mjukuu wa marehemu alikuwa amezaliwa, wa kiume, mnene, ameanza hata kutambaa, na nyumbani wanamwita "mtoto" tu. Jina la babu yake linamsubiri, na jina linasubiri jiwe.

"Hilo kaburi liko wapi, mama?" nikauliza.

"Buswelu," akasema.

Jamani, nilivyofurahi! Nikajipigia makofi mwenyewe. Buswelu ndiko ninakoishi. Nikawaambia wasihangaike na usafiri, semina ikifungwa nitawapeleka mwenyewe kwa gari langu, wakimaliza tutapita kwangu wanywe chai, mama yangu anatafuta Mtaturu wa kumtukana tangu mwaka jana. Niliporudi ukumbini nikautumia mfano wao. Nikasema haki ya mtu haiishii kwenye kipande cha ardhi, iko pia kwenye makaburi yake na majina ya watoto wake. Makofi yakaja mengi kuliko kawaida.

Alasiri semina ikafungwa, tukaondoka. Mama nilimkalisha mbele, jiwe mapajani. Alikuwa hajafika Buswelu tangu kabla hapajapimwa viwanja, na njia nzima alikuwa anashika kichwa. Hapa palikuwa na mbuga. Hapa ng'ombe walikuwa wanapumzika. Sasa ni kuta, maduka ya vifaa vya ujenzi, misikiti na makanisa mapya. Nikamuuliza atapatambuaje. Akasema kuna mwamba umebebwa na mwamba, na wa juu una ufa katikati. Nikacheka. Mwanza hii? Kila kona kuna mwamba umebeba mwenzake.

"Wewe endesha tu," akasema. "Mimi nitauona."

Akauona. Mimi mwenyewe naupita kila siku na sikuwahi kuutazama kama una ufa. Kutoka hapo, akasema, unaelekea macheo, unapanda kidogo mpaka unapogeuka nyuma na kuona kipande cha ziwa kwa mbali katikati ya vilima. Nikapanda. Nilikuwa naongea, naongea, naonyesha hiki na kile, sikuwa natazama hata tunapita barabara gani, maana mikono ilikuwa inakata kona yenyewe kwa mazoea.

"Simama," akasema.

Nikasimama. Tulikuwa mbele ya geti langu.

"Mama, umepajuaje kwangu?" nikauliza, bado nacheka.

Akanigeukia taratibu. "Kwako?"

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilijibu nini, na sikumbuki. Nakumbuka jasho tu, chini ya mkono wa gauni langu zuri la semina. Maana kiwanja hiki nilipokinunua kilikuwa na rundo la mawe nyuma ya minyaa, rundo kubwa, pana, lililokaa vizuri. Wakati wa kujenga mimi nilikuwa nazunguka wilayani na semina zangu, nafundisha kuulizwa, na mama yangu ndiye aliyekaa saiti akiwasimamia mafundi. Niliporudi rundo halikuwepo na msingi ulikuwa umesimama. Sikuuliza. Kila mgeni nilimwambia kwa majivuno kwamba nyumba yangu imejengwa kwa mawe yake yenyewe.

Bado nilijipa moyo. Nikajiambia Buswelu ni kubwa, mtu mzima anaweza kukosea. Nikafungua geti.

Mama yangu alikuwa kibarazani kwenye kiti chake cha plastiki, anamenya karanga. Alipoziona zile bangili macho yakamwaka. Mama yangu ni mzee, magoti yamekataa, lakini ulimi wake haujawahi kuugua hata mafua. "Yoo!" akapiga ukelele. "Fungeni mbuzi, Wataturu wameingia!"

"Mbuzi gani?" mgeni akamjibu. "Naona mifupa imesimama. Wasukuma, mnawalisha sifa?"

Wakacheka, wakashikana mikono, wakatukanana kwa Kisukuma na Kiswahili mpaka machozi yakawatoka. Nilisimama pale na funguo za gari, nikaomba Mungu utani ule usiishe. Kisha mgeni akasema anakwenda mara moja nyuma ya nyumba. Akaenda na binti yake. Nikasikia hatua zao zinazunguka, zinasimama, zinazunguka tena. Minyaa iko pale pale, hatukuing'oa. Waliporudi binti alikuwa amebadilika sura. Mama yake hakubadilika, alikuwa bado na tabasamu lake.

"Mtani," akamwambia mama yangu, "mawe ya babu yangu mmeyaweka wapi?"

"Tumeyala!" mama akadakia. "Ninyi mmetulia ng'ombe wangapi? Sisi tule mawe tu, mnaanza kelele?"

Mgeni akacheka, tena kwa dhati, mkono kiunoni. Akangoja. Mama yangu naye akangoja. Kisha mgeni akasema, "Haya, nimecheka. Sasa nionyeshe."

Mama yangu akaacha kumenya. Akaangalia karanga kwenye ungo, akaziangalia kandambili zake, na chini ya kandambili saruji laini niliyoipaka rangi nyekundu kwa sababu niliona inapendeza. Akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake, "Yamo humu. Waligonga kokoto. Mengine yako kwenye msingi, mengine yako humu nilipokaa. Fundi aliniuliza haya mawe ni ya nani. Nikamwambia chukueni, hayo ni mawe ya watani wetu, watani hawakasiriki."

Kumbe alijua! Tangu usichana wake alijua, kila mtu wa upande ule alijua, na mimi mwenye vyeti vya kufundisha haki za watu nilikuwa nikilala juu ya kaburi na kuamka juu yake, nikinywa chai yangu ya asubuhi na miguu imenyooshwa juu yake. Nilitamani kumpigia kelele mama yangu. Nusura nimpigie. Halafu nikaona aibu ya hilo pia, maana kiwanja ni changu, nyumba ni yangu, na mama alikuwa amekaa tu kwenye kiti nilichomnunulia mimi.

Mgeni hakukasirika. Hapo ndipo ninapopatwa na homa kila nikikumbuka. Alitafuta kwa macho pa kukaa, akaona kibaraza, akarudi nyuma hatua, akakaa chini kwenye mchanga na jiwe lake mapajani. Binti akachuchumaa kando yake, akamwambia kitu kwa lugha yao. Mama yangu akaanza kulia.

"Mtani huchukua mwenye mali akiwa anaona," mama akasema, akilia na kujifuta kwa khanga. "Unamkwapua kuku, anakukimbiza, mnacheka. Mimi nilichukua hampo. Huo si utani. Nilijua, nikajifanya sijui." Kisha akanigeukia. "Vunjeni. Leo leo. Mwite fundi avunje hiki kibaraza, huyu mama amlaze kaka yake."

Wote watatu wakanitazama. Nyumba ni yangu, jibu lilikuwa langu. Na hiki ndicho nilichosema, kwa sauti yangu ile ile ya ukumbini, tulivu, yenye heshima:

"Mama, tusiharakishe. Ni jambo linalohitaji ushirikishwaji. Tutaitisha kikao, tushauriane pande zote, halafu tuone namna bora ya kusonga mbele."

Nilijisikia nikiyasema. Maneno haya nimeyasikia mara nyingi kutoka kwa wale tunaowapinga, wenye mashamba makubwa, wenye mahoteli, na nimewaiga mbele ya watu nikawachekesha. Yakatoka kinywani kwangu bila kukwaruza popote. Nilikuwa nafikiria nguzo, sikatai. Nilikuwa nafikiria paa la kibaraza limeegemea wapi.

Binti alinitazama kwa muda, kisha akaangalia pembeni, kama mtu aliyemkuta mwenzake hajavaa.

Nikajaribu kurekebisha. Nikasema labda jiwe likae kibarazani kwa sasa, pale pale, si ndipo penyewe? Mgeni akaniuliza, bila ukali, "Nimlaze chini ya kiti?" Akafunga kitenge. Mama yangu akamwomba walau anywe chai, akakubali, akainywa yote akiwa pale mchangani kwa sababu ni mtu mwenye adabu. Alipoinuka akamrudishia mama kikombe kwa mikono miwili.

"Asante kwa chai, mama," akasema.

Mama, akasema. Hakumwita mtani. Mama yangu alibaki ameshika kile kikombe kama mtu aliyepigwa kofi mbele ya watu.

Niliwapeleka stendi ya Buzuruga. Njiani sikuongea, na nadhani ni safari ya kwanza maishani mwangu nimeendesha kimya na watu ndani ya gari. Walitaka kuwahi gari la mwisho la kwenda upande wa Magu. Konda akautaka mzigo auweke kwenye buti. Mama akakataa. Konda akagusa kitenge, akapapasa, akaangua kicheko akawaita wenzake: "Njooni muone, bibi anabeba jiwe kutoka Mwanza! Bibi, kwenu mawe yameisha?" Stendi nzima ikacheka. Mwanza hapa, mawe ndiyo tunayo mengi, watu walikuwa na haki ya kucheka.

Mdomo wangu huu, unaowanyamazisha wakuu wa idara, ulikaa kimya. Mama akajibu mwenyewe. "Sijalitoa Mwanza," akamwambia konda. "Nililileta. Hawakulipokea."

Akapanda, akakaa dirishani, akalipakata. Hakunitazama, na sikustahili.

Niliporudi nyumbani niliingilia mlango wa jikoni. Mama yangu alikuwa ametoa kiti chake kibarazani, amekiweka juani kwenye udongo mtupu, na tangu siku ile hajakanyaga kibaraza. Majirani wanadhani tumegombana. Semina iliyofuata nilifundisha somo langu kama kawaida, maana mshahara ndio huo, na nilipofika pale pa makofi wakapiga makofi, nikaomba ruhusa nikaenda chooni nikakaa huko mpaka yalipokwisha. Kikao nilichokiahidi sikukiitisha. Kwanza nilikuwa na safari, halafu ripoti, halafu mvua. Mtu akitaka sababu, mimi ni hodari wa sababu.

Siku moja nikajikaza, nikampigia simu yule binti. Nikamuuliza, na naapa ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuliza nikiwa sijui jibu: nikivunja kibaraza, mama yake atakuja? Akaniambia atamuuliza. Akapiga kesho yake. "Mama anasema nyumba ni yako, uamuzi ni wako. Yeye hawezi kukwambia uvunje, wala hawezi kukuahidi kitu." Nikauliza habari za mtoto. Akasema anatembea sasa.

Jumamosi iliyopita nilirudi kutoka sokoni nikasikia mlio ninaoujua tangu utotoni, mlio wa wanawake wanaogonga kokoto kando ya barabara: ko, ko, ko. Ulikuwa unatoka uani kwangu. Mama yangu alikuwa amekaa chini kwenye gunia, miguu ameinyoosha, magoti yake yale, kijinyundo mkononi sijui alikiazima kwa nani. Alikuwa anagonga ukingo wa kibaraza. Rangi nyekundu ilikuwa imembandukia usoni. Alikuwa amekwangua kipande kisichozidi sahani, na kando yake amepanga vijiwe vya kijivu alivyovitoa kwenye zege, kimoja kimoja, amevipangusa kwa khanga.

"Mama, nani amekutuma?" nikasema. "Utaumia. Fundi yupo, nitamwita Jumatatu."

Hakuacha kugonga. "Wamempa mtoto jina?"

"Bado."

Akasogea kwenye gunia, akaniachia nafasi, akaninyooshea nyundo.

"Basi gonga."